Alama Nyekundu Mtaa wa Sindano

Wiki iliyopita tulimwacha Aoko mlangoni pake asubuhi na mapema, kiganja kimeloa wekundu, na mlango wake wa bluu umechorwa X kubwa toka pembe hadi pembe. Wiki nzima mmenipigia simu mkiuliza damu ni ya nani. Damu gani? Nilisema rangi mbichi ya mlangoni. Someni polepole, jamani.

Kwa wewe uliyeanza leo, sikiliza, maana sitarudia. Aoko ni mshonaji wa sare za shule. Kibanda chake cha mabati kiko Mtaa wa Sindano, kile kichochoro cha Ruiru kinachotoka steji ya magari hadi steshen ya treni. Mbele anashona, nyuma ya pazia analala na mumewe Boaz na binti yao Jackie. Ploti ni ya mzee Kahiga. Mabati, mbao na mlango ni vya Aoko mwenyewe. Na kama umewahi kuishi huku, unajua X nyekundu maana yake ni moja tu: tingatinga liko njiani.

"Baba Jackie," Aoko akaita. "Toka uone."

Boaz akatoka nyuma ya pazia. Ni fundi wa kazi yoyote ya mkono, mrefu, mpole, mtu wa kuambiwa jambo akaitikia. Mkono wa kulia alikuwa ameufunga kitambaa.

"Umefanya nini mkono?"

"Mabati imenikata. Wacha hiyo. Kuna nini?"

Aoko akamwonyesha mlango. Boaz akautazama, akatikisa kichwa.

"Yawa," akasema. "Wamefika."

"Nani wamefika?"

"Kwani nani huchora X? Ni serikali."

Mtaa mzima ulikuwa umechorwa. Kaveke, fundi viatu, alikuwa amesimama mbele ya mlango wake na mswaki mdomoni, povu linamtoka, hajui ateme au ameze. Hata Tabby, mama wa chapati, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuwa na X yake.

"Ngai," Tabby akasema, "hata mimi sikuachwa."

Lakini alisema huku akigeuza chapati. Wengine wote mikono ilikuwa kichwani. Ya Tabby ilikuwa inageuza chapati.

Huyu Tabby, mjue, ndiye rafiki mkubwa wa Aoko. Jackie aliposhikwa na surua, Aoko akiwa matanga kwao Siaya, ni Tabby aliyembeba mtoto mgongoni hadi hospitali huku mvua ikinyesha. Wekeni hilo akilini. Litatuuma baadaye.

Boaz akapanda juu ya kreti la soda.

"Watu wetu," akasema, "tingatinga halina macho. Bati likikanyagwa halirudi kuwa bati. Mimi nasema tujibomolee wenyewe leo, kila mtu aokoe mali yake. Kesho wakija wapate uwanja."

Watu wakaitikia. Na nyinyi msomao mkiwa mmekaa kwa kochi, msiwacheke. Mtu aliyewahi kuona kibanda chake kikisagwa na sufuria ndani haulizi maswali mara ya pili. Anashika nyundo, anang'oa misumari, na anaitia hata hiyo misumari mfukoni. Ndivyo tunavyoishi. X ikionekana asubuhi, saa ya chakula cha mchana mtaa umejimaliza wenyewe, na tingatinga halijatoka hata kununua dizeli.

Aoko peke yake ndiye hakushika nyundo.

"Hii X haina jina," akasema.

"Jina gani?" Boaz akauliza.

"X ya serikali huandikwa chini ni ofisi gani. Hii haina ofisi. Naenda Thika kwa watu wa mipango niulize."

"Watakucheka, Mama Jackie."

"Wacha wanicheke. Lakini usiguse mlango wangu mpaka nirudi. Umesikia?"

"Nimesikia," Boaz akasema, na akaangalia chini.

*

Ofisi ya mipango ya mji iko ghorofani, Thika, na aliyekuwa nyuma ya meza ni Mumbi. Huyu ndiye aliyechora mji mpya. Ukutani kwake kulikuwa na picha ya Mtaa wa Sindano yenye miti, mabenchi, na watu wanaotembea wakicheka. Aoko aliitazama hiyo picha akatafuta kibanda chake. Hakukiona.

"Madam, nimekuja kuhusu ile X."

"X gani?"

Aoko akafungua kiganja. Alikuwa amekisugua kwa mafuta ya taa, na wekundu ulikuwa umekataa kutoka.

Mumbi akaweka kikombe chini. "Mtaa wa Sindano? Hakuna mtu anabomolewa Mtaa wa Sindano. Hiyo njia ndio tunaipangia mji."

"Mji gani tena?"

"Mji wa kutembea. Gari zitaishia steji. Kutoka hapo mpaka steshen ni miguu tu. Chini maduka, juu watu wanaishi. Mwenye ploti akitaka kibali cha kupandisha ghorofa, lazima awawekee wanaofanya kazi hapo milango chini, mingi na midogo. Ukuta mrefu hauuzi kitu, haununui kitu, na giza likiingia ndipo mtu anaporwa hapo."

"Na sisi tunaenda wapi?"

"Hamuendi mahali. Nyinyi ndio wa kwanza kupewa. Kesho asubuhi nakuja kuhesabu. Mlango ukiwa umesimama, na mwenye kazi yuko nyuma yake anafanya kazi yake, huyo atapata mlango wake kwa jengo jipya. Mambo mawili, mama. Mlango na kazi. Moja bila ingine, siandiki."

"Na kama hakuna mlango umesimama?"

"Basi ploti ni tupu. Ploti tupu mzee Kahiga anaweza kuipa supamaketi moja, na mlango mmoja, na hatakuwa amevunja sheria."

Aoko akaitazama tena ile picha ukutani. Akashika meza.

"Mbona hatukuambiwa?"

"Tulifanya mkutano hapa ukumbini. Mzee Kahiga alisema atawaleta."

"Alituambia ni mkutano wa wenye ploti."

Mumbi akakunja uso. "Lakini kulikuwa na mtu wa kwenu. Yule mama alituletea chapati na chai. Alikuwa anaingia na kutoka."

Huyo mama hahitaji kutajwa jina. Nyinyi mnamjua, na Aoko alimjua kabla Mumbi hajafunga mdomo.

"Na huyo mwenye alichora X," Mumbi akaendelea, "hiyo ni alama ya serikali. Kesho nakuja na askari. Nikimpata, ataenda ndani, na hakuna mtu atamtoa."

"Mpate," Aoko akasema. "Mimi mwenyewe nitakusaidia kumfunga kamba."

Maneno ya kinywa chake hayo. Mimi nimeyaandika tu.

Aoko alitoka pale mbio. Akampigia Boaz, simu imezimwa. Akampigia Tabby, simu ikalia, ikalia, ikakatwa.

*

Alipofika Mtaa wa Sindano hakukuwa na mtaa.

Kulikuwa na ardhi, mashimo ya nguzo, na alama za mahali vitanda vilipokuwa. Mabati yalikuwa yamekwisha pakiwa na kuondoka, mengine Mwiki, mengine Githurai 45 kwa shemeji za watu. Cherehani yake ilikuwa juani, imefunikwa shuka la Jackie. Boaz alikuwa ameketi kando yake, vumbi hadi kope, kitambaa bado mkononi.

"Nilikwambia usiguse."

"Ningefanya nini? Watu walikuwa wananitazama. Yetu ndio nilianza nayo, ndio wengine waone mfano."

"Mlango wangu uko wapi?"

Boaz akakohoa. "Tabby amenunua. Amenunua milango yote, bei ya kuni."

Aoko alimzaba kofi. Watu wote waliona, na Boaz hakuinua hata mkono kujikinga. Alipokea lile kofi kama mtu aliyekuwa akilingoja.

Kisha Aoko akawaambia ukweli, palepale, kwa sauti ambayo haikuwa kubwa. Hakuna tingatinga. Hakuna aliyetumwa. Kesho madam anahesabu milango, na sisi hatuna hata mmoja.

Kaveke akaketi juu ya sanduku lake la viatu.

"Mabati yangu yako Ngoliba," akasema. "Nimepanga na dereva vizuri sana. Nikamwambia aende polepole yasikwaruzike."

Akaanza kucheka, na kile kicheko kilikuwa kibaya kusikia. Aoko akamwacha hapo, akaenda kwa Tabby.

Kibanda pekee kilichobaki kimesimama ni cha Tabby, na hata hicho kilikuwa uchi mbele. Mlango wake wa zamani, ule uliooza chini, alikuwa ameupasua, na sasa ulikuwa unawaka chini ya kikaango. Nyuma yake milango ya mtaa ilikuwa imeegemezwa ukutani mmoja juu ya mwingine. Wa bluu ulikuwa mbele.

"Tabby, nirudishie mlango."

"Kitu ikiuzwa imeuzwa."

"Ulikuwa Thika. Ulisikia."

Tabby akageuza chapati. "Nilisikia. Nilikuwa namimina chai, nikasikia madam akisema kila mlango uliosimama ni duka. Nikasema, Tabby, hapo ndipo pako."

"Na ukanyamaza. Mimi rafiki yako."

"Ningekuambia, alafu? Tugawane? Mama Jackie, sema ukweli wa Mungu. Ungekuwa wewe umesikia, ungeniambia?"

"Ningekuambia."

"Basi ndio maana wewe ni maskini," Tabby akasema, na akaipaka chapati mafuta.

Aoko akafungua mdomo. Tabby alikuwa amesema kila mlango uliosimama ni duka. Hakusema habari ya mtu kuwa nyuma yake na kazi yake. Siku ile ukumbini birika lilikuwa limeisha, na Tabby alitoka kwenda kuongeza chai. Alisikia jambo la kwanza. La pili lilisemwa akiwa jikoni.

Neno moja tu, na Tabby angejua. Aoko akaufunga mdomo.

"Sawa, Tabby," akasema. "Ulale vizuri."

Jioni ile Aoko alipita kwa kila jirani aliyekuwa bado yupo, akawaambia jambo moja kwa sauti ya chini: kesho njoo na kazi yako. Boaz alimuuliza anapanga nini. Hakumjibu.

*

Ijumaa asubuhi milango ilikuwa imesimama.

Tabby alikuwa ameleta mafundi kutoka Mwiki, na lazima mtu aseme ukweli, kazi walifanya. Milango yote ya mtaa ilikuwa imepigiliwa kwenye nguzo, imepangwa kando ya njia toka mwanzo wa ploti hadi mwisho, na nyuma yake nailoni nyeusi imetandazwa kama paa. Kwenye kibanda chake mwenyewe, pale mlango uliooza ulipokuwa, alikuwa ametia ule mzuri kuliko yote. Wa bluu. X na yote.

Aoko akaja na cherehani kichwani. Kaveke akaja na sanduku lake. Muuza vitambaa akaja, mtengeneza redio akaja, kila mtu akaingia nyuma ya mlango aliokuwa akiufungua kila asubuhi, akaketi, akaanza kazi.

Tabby alipowaona akacheka hadi akashika kiuno.

"Karibuni, karibuni. Kaeni hapo, mnipambie maduka. Madam akienda mtatoka."

"Asante, Tabby," Aoko akasema, na akaiweka cherehani ndani ya kibanda cha chapati, nyuma ya mlango wa bluu. Jiko lilikuwa karibu na mguu wake. Akatia uzi kwenye sindano.

Mzee Kahiga akafika na gari lake. Ni mzee wa kanisa, kofia haimtoki, na sauti yake haijawahi kupanda tangu azaliwe. Alishuka akitarajia uwanja. Alipoiona ile milango, shingo yake ikavimba.

"Nani amesimamisha hizi takataka?"

Wengine walimtazama Tabby. Kahiga hakumtazama Tabby. Alimtazama Boaz, aliyekuwa amesimama peke yake upande wa pili wa njia, mikono nyuma.

Boaz akatazama viatu vyake.

Mumbi akaja kwa miguu kutoka steji, askari nyuma yake, kipande cha chaki mkononi.

"Madam, habari," Kahiga akasema kwa upole. "Umejisumbua bure. Hawa watu walihama jana kwa hiari yao. Hata wewe uliza."

"Walihama?" Mumbi akasema. "Mbona naona milango?"

Akaanza upande wa steji. Akasukuma mlango wa kwanza. Ndani kulikuwa na Kaveke, kiatu gotini, uzi mdomoni.

"Kazi?"

"Viatu, madam."

Mumbi akachora alama ya chaki kwenye mlango. Tabby akaja mbio, mikono ina unga.

"Madam, andika Tabby hapo. Huo ni wangu. Yote ni yangu, nimenunua."

"Wewe unashona viatu?"

"Mimi? Hapana. Mimi ni wa chapati. Lakini mlango ni wangu."

"Mbao ni zako," Mumbi akasema. "Huyu akipewa duka lake, ukuje uchukue hii mbao ukapikie. Mimi nahesabu mlango na kazi nyuma yake. Nilisema hivyo ukumbini, na wewe ulikuwa pale."

Tabby akasimama. Niliwaambia birika liliisha. Mtu anaweza kupoteza maisha yake yote kwa birika la chai.

Mumbi akasonga. Vitambaa, chaki. Redio, chaki. Tabby alimfuata mlango hadi mlango, na kila alama ya chaki ilimpunguza. Kahiga naye alikuwa amerudi karibu na gari lake. Mtaa ulianza kunong'ona, kisha ukaanza kucheka, kisha mtu akapiga mluzi. Mimi singewalaumu. Tangu jana walikuwa wamelia vya kutosha.

Wakafika mlango wa bluu.

"Kazi?"

"Ushonaji," Aoko akasema bila kuinua macho. "Sare za shule."

Mumbi akamkumbuka, akatabasamu, akachora alama palepale katikati ya ile X. Kisha akaona jiko.

"Na hii jiko?"

"Yangu," Tabby akasema. "Hiki ni kibanda changu. Mimi nimekuwa hapa kabla ya hawa wote."

"Mlango wako uko wapi?"

Tabby akatazama jivu chini ya kikaango. Wote tukatazama jivu.

"Nilichoma," akasema.

Hakuna aliyecheka hapo. Mumbi akashusha chaki. Ni msichana mwenye huruma, na huruma yake ndiyo ilileta ukatili uliofuata.

"Iko njia moja," akasema. "Mlango mmoja naweza kuandika watu wawili, wakikubaliana. Mbele cherehani, kando chapati. Hata ni vizuri, watu wakingoja nguo wanakula. Lakini lazima wawe watu wanaojuana, na mwenye mlango akubali." Akamgeukia Aoko. "Mama, unamjua huyu?"

Cherehani ikanyamaza.

Tabby akafuta unga mikononi. Hakuomba. Lakini alimtazama Aoko usoni, na mikono yake ikaenda nyuma mgongoni, ikashikana pale chini, jinsi mtu anavyomshika mtoto aliyebebwa. Sijui kama alikusudia. Aoko aliona. Aliikumbuka surua, aliikumbuka mvua, alimkumbuka Jackie akiwa ameiva kwa homa juu ya mgongo ule. Alikumbuka pia, basi ndio maana wewe ni maskini.

"Simjui," Aoko akasema.

Kaveke akainamisha kichwa. Mtengeneza redio akajifanya anatafuta bisibisi. Mtaa mzima ulijua, na mtaa mzima ulinyamaza, na Aoko akalisema tena bila kuulizwa, taratibu, ili lisikike hadi mwisho wa njia.

"Huyu mama simjui."

Akakanyaga cherehani. Alijisikia vizuri. Siwafichi, alijisikia vizuri sana, kama mtu aliyekunywa maji baridi baada ya safari. Furaha ya namna hiyo haikai. Hii haikukaa hata kidogo.

Tabby akavua aproni, akaikunja, akaiweka juu ya jiko.

"Sawa, Mama Jackie. Wewe hunijui. Lakini mimi nakujua. Mimi huamka kabla yako, niwashe jiko. Najua nani hutoka kwako kukiwa bado na giza, na najua alirudi amebeba nini."

"Unasema nini?"

"Mimi milango nilinunua, hiyo siwezi kataa. Lakini rangi sikushika." Akanyoosha kidole upande wa pili wa njia. "Mwambie Baba Jackie afungue hicho kitambaa."

Askari akageuka. Mumbi akageuka. Kahiga akaingia kwenye gari lake na kufunga mlango polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha mtoto.

"Ni mabati," Boaz akasema. "Si nilikwambia? Mabati ilinikata."

"Ulinambia," Aoko akasema.

Akainuka. Akavuka njia. Na alipokuwa akivuka ndipo alipokumbuka ni saa ngapi aliambiwa. Aliambiwa asubuhi ya X, Boaz akitoka nyuma ya pazia. Wakati huo hakuna bati lililokuwa limeguswa mtaa mzima. Hakuna msumari uliokuwa umeng'olewa. Nyinyi pia mlisoma, mkapita. Ni mabati gani yalimkata?

"Lete mkono."

"Mama Jackie, tuongee nyumbani."

"Nyumba gani? Lete mkono."

Boaz akautoa. Aoko akakifungua kile kitambaa, mzunguko baada ya mzunguko, kikaanguka chini. Hakukuwa na kidonda. Hakukuwa hata na mkwaruzo. Kulikuwa na wekundu kwenye kucha, kwenye mikunjo ya vidole, na kiganjani, ule ule ambao mafuta ya taa hayakuweza kuutoa. Aoko akafungua kiganja chake mwenyewe, akakiweka kando ya kile. Rangi ilikuwa moja.

"Aliniahidi duka la kona," Boaz akasema kwa sauti ya chini, macho kwenye gari la Kahiga. "Alisema nichore tu, nianze kubomoa, watu wanifuate. Alisema la kona litakuwa letu. Na kitanda juu, Jackie awe na chumba chake. Nilifanya kwa ajili yenu."

"Na mlango wangu ukauza bei ya kuni."

"Aliniahidi mwingine."

Injini ya gari ikawaka. Askari akapiga hatua mbele ya gari, akainua mkono, kisha akamtazama Mumbi apate amri. Aanze na nani? Mzee aliye ndani ya gari hana tone la rangi mwilini. Mwenye rangi ni mmoja tu, na ushahidi wote uko kwenye mdomo wake.

Mumbi akaja taratibu, chaki bado mkononi. Akaangalia mikono ile miwili, akamwangalia Boaz, na uso wake haukuwa tena wa msichana mwenye huruma. Jana alisema huyo mtu ataenda ndani na hakuna atakayemtoa. Jana Aoko aliahidi kamba.

Nyuma yao Tabby alikuwa amesimama kando ya jiko lililozimika, amekunja mikono, anangoja kusikia.

"Mama," Mumbi akauliza, "na huyu, unamjua?"